Chura Juu ya Trela, Njia ya Kitaya

Vijana mnaobeba mizigo, juzi nilikuwa nimekaa barazani kwangu hapa Chikongola nikamwona mmoja wenu akisimamisha lori mbele ya duka la vipuri. Nyuma alikuwa amepakia trekta dogo. Lilikuwa na mkanda mmoja tu uliopita juu ya boneti, na breki ya mkono. Alishuka, akalipiga lile trekta kofi la kirafiki, akaniambia, "Mzee, hapo limelala." Nikamjibu kwamba vilivyolala huamka. Akacheka, akaingia dukani. Mimi sikucheka, na sababu yake nitawaeleza leo, kama mna subira na mzee mwenye maneno mengi.

Nilikuja Mtwara kutoka Njombe nikiwa kijana mbichi, nimebeba masweta mawili ambayo joto la huku liliyacheka. Nikaajiriwa dereva wa pili, kazi yangu kuvuta trela. Nimevuta jenereta, nimevuta mabomba, nimevuta mashine ya kukoboa iliyokuwa nzito kuliko dhambi. Lakini mzigo ulionifundisha kazi ulikuwa mdogo na mwepesi. Lilikuwa gari moja la ajabu ambalo sote tulilipa jina la Chura.

Chura aliteremshwa bandarini mwanzoni mwa miaka ya sabini, kwa ajili ya kikosi kilichokuwa kikipima maji ya mto Ruvuma. Alikuwa na magurudumu sita, na matairi manene yenye upepo kidogo, laini kiasi kwamba ukimwegemea anabonyea. Springi hana. Bodi yake ilikuwa ya plastiki ngumu, umbo la beseni, na chini yake kuna fremu ya chuma. Kwenye tope anapita, na akifika kwenye maji anaelea, magurudumu yenyewe yakimsukuma. Barabara ndefu ndiyo hakuiweza, ingemla matairi yote, kwa hiyo alisafiri juu ya trela nyuma ya Landrova yetu.

Siku ya kwanza wapakizi wa bandarini ndio waliomfunga. Walipoona ana umbo la mashua, wakamfunga kama mashua. Walichukua kamba za katani zilizolowa mvua ya asubuhi, wakazipitisha kwenye vishikio vya bodi, mbele na nyuma, wakapiga yale mafundo yao ya gatini ambayo hayafunguki mpaka uyaombe radhi. Walikuwa na ujuzi, msiwadharau. Lakini ulikuwa ujuzi wa majini. Kamba ya katani ikilowa hujikaza, ikikauka hulegea. Mashua ikilegezewa kidogo gatini haina neno, maana inatakiwa icheze na maji. Juu ya trela ni balaa. Jua lilipotoka hatukuwa hata tumetoka mjini, na Chura alikuwa ameegemea upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta. Kishikio kimoja kilikuwa kimeng'oka na kipande cha plastiki. Akina mama waliokuwa wakitoka kuchota maji walitupigia vigelegele vya kutukejeli.

Dereva wangu mkuu, Mzee Fabiani, hakumgombeza mtu. Alikuwa mtu wa Tanga, aliyeanza kuvuta trela kwenye mashamba ya mkonge, kwa hiyo katani aliijua tangu ikiwa jani. Mfupi, mkimya, rozari imening'inia kwenye kioo cha gari. Alizikata zile kamba zote kwa panga, akasema kuanzia siku ile Chura hatafungwa kama chombo wala kama gari. Atafungwa kama kitu kinachopumua.

Maana yake niliielewa polepole. Tairi laini linabonyea na kuinuka kwenye kila shimo. Linapobonyea, cheni inalegea. Linapoinuka, cheni inavutwa kwa nguvu. Ukiendelea hivyo maili kadhaa, kile ulichokikaza asubuhi si kile ulichonacho. Ndiyo maana Mzee Fabiani alikaza mpaka matairi yabonyee kidogo, yashike sakafu ya trela, lakini yasikandamizwe mpaka kupasuka. Cheni nne, kila pembe na yake, na kila moja inajitegemea, ili moja ikikatika tatu zibaki. Zote zinashika fremu ya chuma. Asikuone unapitisha kitu juu ya plastiki. Za mbele zinavuta mbele, za nyuma zinavuta nyuma, na zinapishana kidogo ili mzigo usiende kando. Kabari za mbao anazipigilia misumari sakafuni, mbele na nyuma ya magurudumu. Breki ya mkono aliiweka, lakini alisema ile ni ya kumfurahisha mwenye gari.

Uzito nao. Ukimweka Chura nyuma mno, trela linainua kitako cha Landrova na kuanza kutikisa mkia, na hapo usukani unakuwa mapambo tu. Ukimweka mbele mno, unavunja ndoano. Mzee alikuwa akisimama kwenye ulimi wa trela, kile chuma cha mbele kinachoshika gari, anaruka mara moja, anasikiliza, kisha anasema msogezeni nyuma kiganja. Akimaliza, anamsukuma Chura kwa bega. Chura na trela vikienda pamoja, amefungwa. Chura akienda peke yake, tunaanza upya.

Halafu kuna vizibo. Chini ya bodi mlikuwa na matundu ya kutolea maji. Safari ya mvua lazima uvitoe, vinginevyo beseni linajaa na uzito unacheza huku na huku njiani. Lakini kabla ya kuingia mtoni lazima uvirudishe. Sisi tulivifunga kwenye usukani wa Chura, ili atakayekaa pale avikute mkononi. Bwana mmoja wa kile kikosi aliviona vinamsumbua, akavitia mfukoni, akavisahau kwenye suruali nyingine. Alizama taratibu mbele ya watu wote, amekaa wima, ameshika mwavuli. Maji yalimfika kifuani, na heshima yake ikaenda na mto.

Nimewachekesha kidogo kwa sababu yanayofuata hayachekeshi.

Mwendeshaji wa Chura alikuwa Saidi, Mmakonde, mzaliwa wa Kitaya, ukingoni mwa Ruvuma. Kati yetu yeye peke yake aliujua ule mto, wapi kuna mchanga chini ya maji na wapi viboko hulala. Alimwita Mzee Fabiani "Njomba". Wengine huku kusini wanalitumia hilo jina kwa mazoea tu, lakini Saidi alilimaanisha. Kwao mjomba ndiye mwenye neno la mwisho nyumbani, na Saidi hakuwa tena na mjomba aliye hai. Sikuwahi kumsikia akimbishia Mzee, mpaka siku hiyo ninayotaka kuwasimulia.

Ilikuwa majira ya mpunga kukaribia kuiva, na mvua ilikuwa imenyesha bila kupumzika. Alfajiri lori la jeshi lilishusha mtu wa Kitaya mbele ya karakana yetu, amelowa mpaka mifupani. Alisema mto umepanda ghafla na mashamba ya bondeni yote yamezama. Watu waliokuwa kule wakiamia ndege, wakiwafukuza wasile mpunga, wamekwama juu ya madungu, vile vibanda vya miti vinavyoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba. Mitumbwi miwili ilijaribu kuwafuata, ikapinduliwa na magogo. Ng'ambo, Msumbiji, kulikuwa na vita vya ukombozi, na boti za injini hazikuwepo karibu. Kisha akamgeukia Saidi, akamwambia kwamba mama yake, Bi Somoe, yuko kule, na mkewe Zuhura pia, kila mmoja kwenye dungu lake, jirani kwa jirani.

Saidi akaenda kujaza mafuta ya Chura, kwa haraka mpaka mengine yakamwagika.

Mzee na mimi tukamfunga Chura mvuani. Saidi alitaka cheni mbili tu, za mbele na nyuma, tuondoke. Mzee akafunga zote nne, akapigilia kabari, akavitoa vizibo na kuvifunga kwenye usukani. Tukaondoka kukiwa kunapambazuka.

Nataka muelewe desturi ya Mzee Fabiani, maana kila kitu kinatoka hapo. Alikuwa akisimama baada ya mwendo mfupi wa kwanza, kwa sababu huo ndio mwendo unaoamsha mzigo. Kisha akisimama kila barabara inapobadilika, kutoka lami kwenda changarawe, kutoka changarawe kwenda mchanga, na kabla ya mteremko wowote. Anashuka, analizunguka trela, anagusa kila cheni kwa mkono. Macho, alisema, huona kile unachotamani kukiona.

Basi tulipoiacha lami akasimama. Akazunguka, hakukuta kitu, tukaendelea. Tulipopita Mahurunga, tope limekuwa tope kweli, akasimama tena. Akazunguka, hakukuta kitu. Saidi alikuwa amekaa katikati yetu, na nilisikia pumzi yake tu. Nilitamani kumwambia Mzee aache. Sikumwambia, kwa sababu nilimjua, na kwa sababu sikujua ningemwambia nini Chura akianguka.

Kabla ya Kitaya kuna mteremko wa kushukia bondeni. Siku ile ulikuwa umechimbwa na maji, mfereji kulia na mfereji kushoto. Juu yake Mzee Fabiani akasimama mara ya tatu.

"Njomba," Saidi akasema, "umesimama kule na kule, hukukuta kitu. Mama angu yuko juu ya miti minne."

"Najua, mwanangu."

"Kama unajua, twende."

"Tukimwangusha hapa, mamako atafuatwa na nani?"

Mzee akashuka. Saidi akateleza mpaka kwenye kiti cha dereva, akashika ufunguo. Nilimwona. Angeweza kuwasha na kuondoka, na mimi nisingekuwa na nguvu ya kumzuia, pengine wala nia. Lakini kwenye kioo cha pembeni tuliona mgongo wa Mzee. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, katikati ya magurudumu ya trela, mkono wake ukipapasa cheni. Huwezi kuondoa gari mtu akiwa pale. Saidi akaacha ufunguo, akalaza kichwa juu ya usukani, akalia bila sauti.

Kisha Mzee akaniita, "Kalisti, lete pampu."

Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limechomwa na mwiba, limenywea. Pembe ile ya Chura ilikuwa imeshuka, na cheni yake ilikuwa inaning'inia kama ushanga. Kabari ilikuwa imeng'oka na msumari wake. Kwenye mteremko ule, kwenye mifereji ile, angebinuka, na sisi pamoja naye. Sikuwahi kuwa na shaka juu ya hilo, na sina mpaka leo.

Tuliziba kwa kiraka na gundi iliyokataa kushika kwa sababu ya unyevu. Tukarudia. Saidi mwenyewe alipampu, kwa mguu, kwa hasira, huku hasira yake haina pa kwenda. Tukiwa katikati ya kazi hiyo mvua ikakatika na jua likatoka. Nakumbuka kwa sababu shati la Saidi lilianza kutoa mvuke mgongoni. Tukakaza cheni upya, tukapigilia kabari mpya, tukashuka polepole.

Kitaya watu walikuwa wamejaa ukingoni. Mbele yao hapakuwa na mashamba, palikuwa na maji ya rangi ya chai yanayokwenda, na juu yake paa za madungu hapa na pale. Saidi alirudisha vizibo kwa mkono uliokuwa umetulia kabisa, akawasha Chura, akaingia. Aliendesha vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Alipita kando ya mkondo, akapanda kwenye tuta, akashuka tena majini upande wa pili. Akaleta watoto na bibi mmoja. Akarudi, akaleta wanaume wawili waliokuwa wameshikilia nguzo moja. Aliwachukua waliokuwa karibu kwanza, kama mto ulivyomruhusu, si kama moyo ulivyotaka. Mara ya tatu akamleta Zuhura.

Zuhura alishuka, akakaa chini kwenye tope. Mtu alimfunika kanga. Saidi alikuwa tayari amegeuza Chura kurudi, akamuuliza dungu la mama liko upande gani, maana halioni. Nami nilikuwa karibu, nimeshika pembe ya Chura.

"Mvua ilipokatika tulifurahi," Zuhura akasema. "Mama akasimama atupungie. Dungu likaenda naye."

Mzee Fabiani alikuwa nyuma yangu. Nilisikia akivuta pumzi, na sikugeuka kumtazama. Sisi watatu tulijua mvua ilipokatika tulikuwa wapi.

Saidi alirudi majini. Siku hiyo yote alirudi majini, akawatoa wote waliobaki, mpaka dungu la mwisho likabaki tupu. Kesho yake mwili wa Bi Somoe ulipatikana upande yanakoelekea maji, umenaswa kwenye matete.

Alizikwa siku hiyo hiyo kwa taratibu za Kiislamu, sehemu iliyoinuka ambako maji hayakufika. Mzee Fabiani, Mkristo mwenye rozari yake, alisimama nyuma ya safu za watu amevua kofia. Walipomaliza akamwendea Saidi. Nilifuatana naye kwa sababu niliogopa. Alianza kusema juu ya ile cheni, kwa sauti ya chini. Saidi akamshika mkono.

"Cheni niliiona kwa macho yangu, Njomba," akasema. "Najua. Ila leo usinieleze."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akarudi nyuma.

Vijana, nimelifikiria jambo hili miaka yote. Vituo vile viwili vya kwanza hatukukuta kitu. Tungevipita, labda tungefika mapema, labda lile tairi lingetoboka mahali pengine na kutuua wote. Nimejifariji kwamba mvua haikatiki kila mahali kwa wakati mmoja. Nimejifariji kwamba Saidi asingefika kwenye lile dungu kabla ya mengine. Faraja hizi ninazo, na hazinitoshi. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba mtu anaweza kufanya kazi yake sawasawa, mkono wake usikosee hata mara moja, na bado akazika. Hakuna aliyetufundisha hilo, na vyuo vyenu navyo, nadhani, havilifundishi. Wengine wakilipata wanaiacha kazi. Wengine, na hao ndio ninaowaogopea zaidi, wanabaki kazini lakini wanaacha kujali, kwa sababu kujali kuliwauma.

Niliona jambo hilo likitaka kumpata Mzee Fabiani. Tulibaki Kitaya mpaka khitma ikasomwa na maji yakaanza kushuka, kisha Chura akatakiwa mjini. Saidi tulimwambia abaki na mkewe. Asubuhi ya kuondoka tukamkuta amekaa kwenye Landrova, amevaa nguo safi. Mzee akamfunga Chura. Cheni zilikuwa nne, kabari zilikuwepo, lakini alifunga kama mtu anayefunga mlango wa nyumba ya mwingine. Hakumsukuma kwa bega. Baada ya mwendo mfupi wa kwanza hakusimama. Niliangalia mbele, sikuthubutu kumkumbusha.

Tukapanda ule mteremko. Juu yake tope lilikuwa limekauka na kuhifadhi alama za magoti yake, au labda zilikuwa za mtu mwingine, lakini sisi wote tuliziona. Mzee akabadili gia na kuongeza mwendo, akapapita mahali pale akiwa amekaza macho barabarani.

Saidi akaweka mkono juu ya usukani.

"Simama, Njomba."

Mzee akasimamisha gari. Alibaki ameshika usukani, hakuweza kushuka. Saidi akanipita, akashuka. Alikwenda nyuma akalizunguka trela polepole, akapiga magoti kwenye kila pembe, akagusa kila cheni kwa mkono, akabonyeza kila tairi. Hakukuta kilicholegea. Alizunguka tena mara ya pili, kisha akarudi, akafuta mikono kwenye ile nguo safi, akapanda na kukaa kati yetu.

"Chura yuko salama," akamwambia Mzee. "Sasa twende."